Wanataka msimbo kwanza, mimi nataka malipo kwanza

Shikamoo Mjomba,

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo ukikuta maneno makali uyapunguze mwenyewe.

Mimi ni msanidi programu. Nipo kwenye jumuiya ya sarafu moja ndogo ya kripto ambayo sitaitaja. Haina kampuni, haina mkurugenzi, haina ofisi. Kila bloku, yaani fungu jipya la miamala, inapopatikana, sehemu ya zawadi inaingia kwenye hazina ya jumuiya, na watu waliofungia sarafu zao ndio wanaopiga kura fedha hizo ziende wapi.

Kwa muda mrefu watu wamelalamika kwamba pochi ya simu inategemea seva ya mtu mmoja. Seva ikizimika hakuna anayeona salio lake, na mwenye seva anaweza kujua nani kamlipa nani. Nikaandika kitu kinachoiwezesha simu ihakiki malipo yenyewe, bila kupakua mnyororo mzima wa bloku na bila kumtegemea mtu wa katikati. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nafanya usiku, nikishatoka kwenye kazi inayonilipa. Ilipokubali, nilirekodi video nikawaonyesha, na watu wachache nikawapa programu iliyokamilika waisakinishe waijaribu. Sifa zikamiminika.

Basi nikapeleka pendekezo: hazina inilipe, nami nitatoa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Hapo upepo ukageuka. Wakasema toa kwanza tuukague, ndipo tupige kura, hawataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikauliza: nikishautoa, mtakuwa na sababu gani ya kunilipa? Mmoja akajibu kwamba mwanajumuiya wa kweli hafanyi kazi kwa ajili ya hela. Mwingine akaniita mteka nyara. Mjomba, watu hao hao wanashinda kutwa wakichungulia bei ya sarafu yao!

Juzi kuna mwenye sarafu nyingi sana kanifuata faragha. Anataka kununua kila kitu, haki zote ziwe zake, anilipe nusu sasa na nusu nikishamkabidhi, na yeye ndiye atakayeamua jumuiya ipewe lini. Kiasi anachotaja kinazidi nilichoomba kwenye hazina. Mwingine naye kashauri anwani yangu iandikwe ndani ya kanuni za mnyororo wenyewe, niwe napata asilimia kidogo ya kila bloku.

Kuhusu msimbo, karibu wote nimeuandika mwenyewe, isipokuwa sehemu ya hesabu za saini za kidijitali niliyoichukua kwenye maktaba moja ya msimbo wa wazi yenye leseni ya GPL toleo la 3. Msimbo mkuu wa sarafu yetu uko chini ya leseni ya MIT, isiyo na masharti mengi, kama ule wa Bitcoin ulikotokea.

Je, nishikilie msimamo? Nimuuzie tajiri? Au niutoe bure niondoke zangu?

Fundi wa Usiku

*

Marahaba, mpwa wangu.

Hasira nimeiona na ina haki yake, lakini tuiweke kando kidogo. Kuna sentensi umeipitia haraka kuliko zote, nayo ndiyo nzito kuliko zote: sehemu ya msimbo imetoka kwenye maktaba ya GPL. Na juu yake umesema kuna watu uliowapa programu iliyokamilika. Zisome hizo mbili pamoja.

GPL haikulazimishi kuionyesha dunia kazi yako. Ikiwa kwenye kompyuta yako peke yako, ni siri yako mpaka uchoke. Lakini ukishampa mtu mwingine programu iliyojengwa na msimbo wa GPL ndani yake, mtu huyo ana haki ya kupata msimbo chanzo wa programu yote, si kile kipande cha maktaba tu, na aupate kwa leseni hiyo hiyo. Akishaupata anaweza kumgawia amtakaye, nawe huna la kumzuia. Kwa hiyo wakati unavutana na jumuiya nzima kuhusu kutoa au kutotoa, wajaribio wako tayari wanaweza kuudai kesho asubuhi. Ama hawajui, au wanajua na wamekustahi.

Sitaki kukutisha kupita kiasi. GPL 3, iliyotoka mwaka 2007, ina huruma kwa anayekosea mara ya kwanza: mwenye hakimiliki akikupa taarifa nawe ukarekebisha ndani ya siku 30, haki zako zinarudi. Ila huwezi kuendesha majadiliano ya fedha kwa kuzuia kitu ambacho wengine wana haki ya kukifungua bila wewe.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kukubali GPL na kuendelea nayo. Leseni hiyo haikatazi kulipwa, wengi hudhani inakataza. Shida ni kwamba msimbo mkuu wenu ni wa MIT. Wakiingiza sehemu yako ya GPL, programu iliyounganishwa itabidi isambazwe kwa masharti ya GPL, na siku hizi kuna watu watakaopiga kura ya hapana kwa sababu hiyo tu. Njia ya pili ni kuiondoa hiyo maktaba na kuweka nyingine. Kama saini zenu ni za aina ile ya Bitcoin, maktaba ya libsecp256k1 ipo chini ya MIT na imepigwa msasa na macho mengi kuliko yako na yangu. Kubadilisha hakufuti deni lako kwa wajaribio wa nakala ile ya kwanza, lakini kunakupa msimbo ambao ni wako kweli. Mimi ningefanya hili la pili kabla ya kuzungumza tena neno lolote la hela.

Hapo hapo na habari ya tajiri imebadilika. Anataka kununua upekee, na upekee huna: kuna kipande si chako na kuna nakala zimeshatoka. Ukisaini kwamba unamkabidhi haki zote utakuwa umeahidi usichoweza kutoa, na ile nusu ya pili ndiyo atakayoizuia atakapogundua.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Hofu yako si ya kijinga. Aprili 2014 ilipofichuka hitilafu ya Heartbleed, watu walishangaa kusikia kwamba OpenSSL, msimbo uliokuwa ukilinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Ulikuwa wazi, kila mtu akiutumia, na karibu hakuna aliyelipa. Anayekuambia "toa kwanza, shukrani zitakuja" akuonyeshe zilikokuja.

Lakini na wao tuwasikilize. Programu inayogusa fedha za watu haikubaliki ikiwa imefungwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeingiza kwenye pochi yake kitu ambacho hakuna aliyekisoma, hata video yako ingekuwa nzuri namna gani. Maana yake ni kwamba msimbo wako utaanza kuwa na manufaa siku utakapokuwa wazi, si kabla ya hapo. Ule ufiche unaoupigia bei hauna mnunuzi, labda yule tajiri, naye anaununua kwa sababu zake.

Kinachokosekana kwao ni mtu. Kanuni za mnyororo zitabadilika, simu zitapata mifumo mipya, mkaguzi ataleta orodha ya kasoro, na kwa miezi mingi ijayo wewe ndiye mtu pekee anayeelewa kwa nini mstari fulani uko vile ulivyo. Hicho ndicho cha kuuza. Kilichokwisha andikwa kidai fidia, ndiyo, tena bila haya, lakini uzito wa pendekezo lako uwe kwenye kazi inayofuata. Ukiligeuza hivyo, swali la "nikishatoa mtanilipa kwa nini" linapata jibu.

Wapo waliofanikiwa kudai malipo kabla ya kufungua, usidhani haiwezekani. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikimiliki Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ilifungwa, na wawekezaji wakakubali msimbo uachiwe kwa euro 100,000. Ton Roosendaal, aliyeianzisha Blender, akatangaza mchango, ukatimia ndani ya wiki saba, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo msimbo ukatoka chini ya GPL. Angalia kwa nini ilikubali. Kiasi kilitangazwa hadharani na hakikupanda katikati ya safari. Kila mtu alijua kikitimia kitatokea nini. Na zaidi ya yote, watu walikuwa wameshaitumia Blender kwa miaka, wakijua ubora wake. Wewe una video na wajaribio wachache. Ndiyo maana wanakuomba uwaonyeshe.

Waonyeshe, basi. Kumruhusu mtu asome, kumruhusu atumie, na kumhamishia haki ni mambo matatu, na ninyi mmeyafunga kwenye furushi moja kisha mnagombania furushi. Kusoma kunaweza kuja kabla ya kura, kutumia kuje fedha zikishatengwa, na hakimiliki ubaki nayo wewe mwenyewe, maana hakuna aliyeiomba isipokuwa tajiri.

Kabla mtu yeyote hajasoma, piga alama ya utambulisho ya SHA-256 ya faili zako zote, ile mistari ya herufi na tarakimu 64, uiingize kwenye muamala mdogo wa mnyororo wenu. Haifichui kitu, ila siku mtu akidai aliandika yeye, tarehe ya bloku itakusemea. Kisha waambie wachague wasomaji wawili wanaoaminika na pande zote. Kama kipande cha GPL bado kimo, usiwatumie faili, kwa sababu kuwatumia ni kusambaza. Wausome kwenye mashine unayoisimamia wewe, wakiunganishwa kwa mbali. Waijenge programu hapo hapo, walinganishe na ile waliyonayo wajaribio. Kulinganisha huku kunahitaji maandalizi, kwa kuwa msimbo ule ule ukijengwa kwenye mashine mbili mara nyingi hutoa faili zinazotofautiana kidogo. Bitcoin Core, programu kuu ya Bitcoin, hutumia zana iitwayo Guix kuhakikisha kila anayejenga anapata kitu kile kile. Itakula muda wako, lakini ndiyo kazi itakayowanyamazisha wenye hoja ya gunia.

Tukifika kwenye fedha, swali langu la kwanza ni moja: utaingia mkataba na nani? Jumuiya yenu haina jina la kisheria. Wakikuahidi wakaghairi, hakuna wa kumshitaki. Kwa hiyo usitegemee ahadi ya mtu, tegemea mpangilio. Dash, sarafu nyingine ya kripto, wamekuwa na hazina ya aina hii tangu 2015: sehemu ya zawadi ya bloku inatengwa, wenye nodi kuu, yaani kompyuta zinazohudumia mtandao, ambazo za kawaida huwekewa dhamana ya DASH 1,000 kila moja, wanapiga kura, na pendekezo linapita iwapo kura za ndiyo zinazidi za hapana kwa zaidi ya asilimia 10 ya nodi hizo zote. Anayelipwa kwa miezi kadhaa analipwa mwezi kwa mwezi, na wapiga kura wanaweza kubadili kura yao wakati wowote. Ni mfumo mzuri kwa hazina. Kwa fundi una baridi yake, kwani kura iliyokupitisha leo inaweza kukuangusha mwezi wa tatu. Soma kanuni zenu zinasemaje kuhusu hilo kabla hujakubali kulipwa kidogo kidogo.

Monero, nayo ni sarafu ya kripto, wao hawachukui kwenye bloku. Wanachangisha kwa hiari, fedha zinashikwa, na fundi analipwa kila anapokamilisha hatua aliyoiandika kwenye pendekezo. Utaratibu wa hatua unige. Lakini Septemba 2023 pochi ya mfuko huo ilikombwa, sarafu za Monero (XMR) 2,675.73 zikaenda, na waliokuwa na maneno ya siri ya pochi hiyo walikuwa watu wawili tu. Basi uliza fedha zako zitalala wapi. Taka pochi ya saini tatu ambayo hufunguka kwa mbili: moja yako, moja ya mwakilishi wao, moja ya mtu wa tatu ambaye nyote mnamkubali. Mtu huyo asiwe tajiri. Wala asiwe yule mwenye seva, maana kazi yako ndiyo inayomwondoa kazini.

Na usitaje bei kwa sarafu yenu. Baina ya kura na malipo sarafu ndogo inaweza kupoteza nusu ya thamani, na kwenye soko jembamba wewe mwenyewe ukianza kuuza ulicholipwa utaishusha zaidi. Taja dola, zigeuzwe kwa wastani wa bei ya siku chache kabla ya kila malipo.

Kuna watakaokushauri leseni ya muda, kama walivyofanya Uniswap, soko la kubadilishana sarafu za kripto. Toleo lao la tatu lilitoka Mei 2021, msimbo ukionekana na kila mtu lakini ukikatazwa kutumiwa kibiashara bila ruhusa hadi tarehe 1 Aprili 2023, ndipo ukawa wa GPL. Walikuwa na sababu, kwa kuwa mwaka 2020 SushiSwap, mshindani wao, ilinakili msimbo wao wa toleo la pili na kuwavuta wateja wao pamoja na mitaji yao. Kwako sishauri. Wao walikuwa wakijilinda dhidi ya washindani. Wewe unataka kuingia kwenye pochi ya watu wako mwenyewe.

Habari ya kuandika anwani yako kwenye kanuni za mnyororo, kimbia. Watu wa sarafu ya Bitcoin Cash walipogombana kuhusu mpango wa kutenga asilimia 8 ya zawadi ya bloku iende kwenye anwani moja kwa ajili ya usanidi, mnyororo ulipasuka vipande viwili Novemba 2020. Na hao walikuwa wakubwa kuliko ninyi.

Ukiwa tayari, waandikie kitu kama hiki, kwa maneno yako:

"Nimeondoa maktaba ya GPL nikaweka ya MIT, na msimbo mwingine wote ni wangu. Chagueni wasomaji wawili. Watausoma na kuujenga kabla ya kura, na watawaeleza walichokiona bila kuunakili. Pendekezo likipita, fedha zote ziingie kwenye pochi ya saini mbili kati ya tatu. Siku zikiingia, msimbo unatoka hadharani wote chini ya leseni ya MIT, na hapo ndipo inapofunguliwa theluthi ya kwanza, ambayo ni ya kazi iliyokwisha fanyika. Ya pili inafunguliwa nikishamaliza kasoro zitakazotajwa na mkaguzi. Ya tatu inagawanywa kwa miezi sita ya matunzo. Nikishindwa hatua yoyote, salio linarudi hazina, na msimbo unabaki wazi."

Ile sentensi ya mwisho usiifute ukiona inakuumiza. Ndiyo itakayokuletea kura za wale wanaokuogopa. Nawe hupotezi kitu, maana theluthi ya kwanza itakuwa imeshafunguliwa. Aliyekuita mteka nyara usimjibu, mwache asome pendekezo kama wengine.

Wakikataa hata hilo, na inawezekana, basi wajaribio wako wape msimbo wa nakala waliyonayo kama leseni inavyotaka, uliobaki uhifadhi, na utafute sarafu nyingine yenye tatizo lile lile la seva. Zipo nyingi, na nyingine zina hazina iliyonona kuliko yenu.

Tajiri mjibu kabla pendekezo halijafika kwenye kura, tena kwa upole na kwa maandishi: kwamba haki zote huwezi kumuuzia na sababu ni hii, ila kama anataka kazi iharakishwe anaweza kuongeza fedha zake kwenye pochi ile ile ya saini tatu, kwa masharti yale yale. Usimkatie njia ya kurudi kwa heshima. Ana sarafu nyingi zilizofungiwa, na siku ya kura zitahesabiwa zote.